Kivinjari kimoja, kiendelezi kimoja: namna ya kuwapunguza wanaokufuatilia mtandaoni

Kabla hujapakua chochote, amua unajikinga na nani. Ukifungua ukurasa wa gazeti kwenye simu, wanaopata habari zako ni wanne kwa uchache: tovuti yenyewe, makampuni ya matangazo na takwimu ambayo tovuti imeyaruhusu kupachika vijiprogramu vyao humo, kampuni ya simu iliyokuuzia bando, na waliotengeneza kivinjari unachotumia. Kivinjari kizuri chenye kizuizi cha matangazo huwakata hao wa pili kwa sehemu kubwa, na ukikichagua kwa makini, hata huyo wa nne anabaki na machache. Kampuni ya simu itaendelea kuona unakwenda tovuti gani, ingawa kwa HTTPS (muunganisho uliofungwa kwa siri kati yako na tovuti) haioni umefungua ukurasa upi wala umeandika nini. Tovuti uliyoingia kwa jina na nenosiri lako inakujua tu, hata ufanyeje.

Hali fiche (Incognito) haisaidii hapo. Inafuta historia na vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu ili zikutambue ukirudi) ukishafunga, basi. Inafaa kwenye kompyuta ya saiberi unapojaza fomu ya mkopo wa chuo au ya kodi, ili anayekaa kiti hicho baada yako asikute akaunti yako wazi. Haizuii tovuti wala watangazaji kukusanya taarifa wakati uko ndani. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu waliodhani wamejificha.

Simu ya Android

Jibu fupi ni Firefox pamoja na uBlock Origin, kiendelezi (yaani nyongeza ya kivinjari) cha kuzuia matangazo na wafuatiliaji. Chrome ya simu haipokei viendelezi kabisa, kwa hiyo huwezi kuiongezea kinga. Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa viendelezi vingi badala ya vile vichache vilivyoteuliwa. Kasoro yake ni uzito: kwenye simu yenye RAM ya GB 2 utaona inajikokota, hasa ukiacha vichupo thelathini wazi. Huko jaribu Brave, ambayo kizuizi chake kimejengwa ndani na hakihitaji kuongezwa kitu. Ukiisakinisha, zima Rewards, News na Wallet, kisha kwenye mipangilio ya faragha zima na zile takwimu za matumizi. Brave si malaika. Mwaka 2020 ilikutwa ikiongeza msimbo wake wa kamisheni kwenye anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, ambayo mtumiaji ameiandika mwenyewe, na mkuu wake Brendan Eich akaomba radhi. Lakini mwaka huohuo Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima ni kivinjari kipi kinatuma taarifa nyingi zaidi kwa waliokitengeneza: Brave ilitoka ya kwanza kwa usiri, Chrome, Firefox na Safari zikafuata, na Edge na Yandex zikashika mkia.

Opera Mini inastahili maneno yake, maana watu wengi wa huku bado wanaitegemea. Inaokoa bando kwa kweli. Seva za Opera huuchukua ukurasa kwa niaba yako, huukamua, kisha hukutumia ukiwa mdogo. Katika kiwango cha kubana kupita vyote, maana yake ni kwamba katikati kuna mashine inayoufungua ukurasa, hata ule wa HTTPS. Sisemi kuna mtu amekaa anakusoma, ila njia haijafungwa toka mwanzo hadi mwisho. Somea habari na matokeo ya mpira, lakini usiingilie benki wala barua pepe humo. UC Browser iache kabisa: mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, Toronto, waliikuta ikivujisha namba za utambulisho wa simu na mahali mtu alipo. Na kama simu yako ni Tecno, Infinix au itel, huenda imekuja na Phoenix. Mara nyingi haiondoleki, lakini unaweza kuizima kwenye orodha ya programu, na hata isipozimika, kuiondoa kwenye nafasi ya kivinjari chaguomsingi kunatosha.

Sasa kazi yenyewe. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye Firefox ya Kiingereza.

1. Pakua Firefox kutoka Play Store na uhakikishe mtengenezaji ni Mozilla. Gusa nukta tatu, ingia Extensions, tafuta uBlock Origin, gusa alama ya kujumlisha, kisha kubali ruhusa. Mwandishi wake ni Raymond Hill. Ukikuta kitu kinachoitwa uBlock tupu, bila Origin, kiache. Kina wenyewe wengine.

2. Rudi Settings, fungua Enhanced Tracking Protection, weka Strict. Hapohapo washa HTTPS-Only Mode kwa vichupo vyote.

3. Ingia Data collection, zima kila swichi. Kisha Homepage, ondoa njia za mkato na habari zilizolipiwa.

4. Toka kwenye Firefox, nenda mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya programu chaguomsingi, uchague Firefox kuwa kivinjari. Ukiisahau hatua hii, kila kiungo cha WhatsApp kitaendelea kufunguka Chrome, na kazi yote ya juu itakuwa ya bure.

Facebook, Instagram na TikTok hazijali chaguo hilo. Zina vivinjari vyao vya ndani, na Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba vinaingiza msimbo wao kwenye kila ukurasa unaofungua humo. Kiungo kikifunguka ndani ya programu hizo, gusa nukta tatu juu ya ukurasa na uchague kukifungua kwenye kivinjari cha nje kabla ya kuandika chochote.

Kuitengeneza uBlock ifae bando lako

uBlock Origin inafanya kazi vizuri bila kuguswa, lakini kwa anayenunua MB kwa kupima, mipangilio miwili ina faida kubwa. Ndani ya Firefox gusa nukta tatu, Extensions, uBlock Origin, kisha alama ya gia ya kufungulia dashibodi. Kwenye kichupo cha Settings weka tiki kwenye kipengele cha kuzuia picha na video zinazozidi KB 50. Namba hiyo unaweza kuibadilisha, na 100 huwa inafaa kwa watu wengi. Picha kubwa zitageuka visanduku vitupu, na ukitaka mojawapo unaigusa ipakuliwe yenyewe tu. Cha pili ni kuzuia fonti za mbali. Hapo tahadhari: baadhi ya tovuti hutumia fonti kuchora alama za vitufe, kwa hiyo utakuta vimraba vitupu mahali pa kikapu au kioo cha kutafutia. Ukichoka navyo, kizime.

Kwenye kichupo cha Filter lists, hakikisha EasyList, EasyPrivacy na AdGuard Mobile Ads zina tiki. Ongeza moja ya orodha za Cookie notices kama vile vibao vinavyokuomba ukubali vidakuzi vinakuchosha. Halafu tafuta, chini ya Privacy, orodha iitwayo Block Outsider Intrusion into LAN. Jina linatisha, sababu yake inatisha zaidi. Juni 2025 watafiti wa IMDEA Networks, Radboud na KU Leuven walitangaza kwamba programu za Facebook na Instagram zilizokuwa kwenye simu za Android zilikuwa zikisikiliza milango ya ndani ya simu, na kijiprogramu cha Meta, mwenye Facebook na Instagram, kilichopachikwa kwenye tovuti za watu wengine kikawa kinazipitishia utambulisho kupitia milango hiyo. Hali fiche haikuzuia, kufuta vidakuzi hakukuzuia. Meta iliacha mara jambo lilipotangazwa. Orodha hiyo inaziba njia ya aina hiyo kwa mwingine atakayeijaribu.

Ishia hapo. Anayeweka tiki kwenye kila orodha anapata simu inayopata moto, kurasa zinazochelewa na tovuti zilizokatikakatika, na ziada anayopata katika kuzuia ni ndogo sana.

Ukurasa ukigoma, fuata mpangilio huu, usianze kwa kuondoa kila kitu. Kwanza pakia upya. Pili gusa alama ya ngao kando ya anwani na uzime kinga ya Firefox kwa tovuti hiyo peke yake. Mara nyingi tatizo ni kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, au dirisha la malipo lililopachikwa kutoka tovuti nyingine. Ikishindikana, fungua uBlock na uguse ile alama kubwa ya kuwashia, nayo inazimika kwa tovuti hiyo tu. Kwenye kurasa za malipo ni busara kufanya hivyo kabla hujaanza, maana muamala ukikatikia katikati utabaki hujui kama pesa imekwenda.

Kila kiendelezi ni ufunguo wa nyumba uliompa mtu

Watu wakishaonja uBlock huanza kukusanya vingine: cha kufuta vidakuzi, cha kubadili utambulisho wa kivinjari, vizuizi viwili vya ziada. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma data kwenye tovuti zote kinaona kila unachofungua na kila unachoandika, barua pepe na benki zikiwemo. Mwenye kukitengeneza anaweza kuwa mwadilifu leo, kesho akakiuza. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2 kwenye Chrome, kiliuzwa mwaka 2020 na Google ikakiondoa Februari 2021 kwa kuwa na msimbo hasidi. Web of Trust, kilichojitangaza kama mlinzi wa watumiaji, kilifichuliwa mwaka 2016 na waandishi wa NDR wa Ujerumani kwamba historia za watumiaji wake zinauzwa. Avast ilikusanya historia za watumiaji kwa programu zake za usalama na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5.

Kabla ya kuongeza kiendelezi, angalia jina la mtengenezaji, tarehe ya sasisho la mwisho, na ruhusa zinazoombwa. Cha kubadili rangi ya usuli kikiomba kusoma tovuti zote, kiache. Kwenye Firefox vile vyenye alama ya Recommended vimepitiwa na watu wa Mozilla, jambo ambalo kwa vingine halifanyiki kwa uzito huohuo. Kiendelezi ulichonacho kikiomba ruhusa mpya baada ya sasisho, simama uulize kwa nini.

Vingi vinavyopendekezwa kwenye orodha za zamani havihitajiki tena. HTTPS Everywhere, cha kulazimisha tovuti zitumie HTTPS, kimestaafishwa, kwa sababu vivinjari vina kazi hiyo ndani. Cha kufuta vidakuzi hakina maana kubwa tangu Firefox ilipoanza, Juni 2022, kuweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye chungu chake. Privacy Badger, kizuizi kingine cha wafuatiliaji, ni kizuri, lakini juu ya uBlock kinarudia kazi. Swichi ya Do Not Track, ya kuziomba tovuti zisikufuatilie, imeondolewa na Firefox yenyewe mapema 2025, maana tovuti hazikuitii. Na kile cha kudanganya kwamba unatumia kivinjari kingine kinakuharibia, maana tovuti ikiona jina la Safari huku tabia zote ni za Firefox, umekuwa mtu wa pekee.

Upekee huo ndio alama ya kidole ya kivinjari: mkusanyiko wa ukubwa wa skrini, fonti, lugha, saa za eneo na mambo mengine madogo. EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, lilipopima vivinjari 470,161 mwaka 2010, asilimia 83.6 vilikuwa havina pacha. Jaribio lao lipo hadi leo kwa jina la Cover Your Tracks. Lifanye, lakini usome zaidi ile sehemu ya wafuatiliaji kuzuiwa. Neno la kwamba wewe ni wa pekee hutokea kwa karibu kila mtu asiyetumia Tor, kivinjari cha kujificha nitakachokieleza mbele.

Kwenye kompyuta

Firefox tena, kwa mipangilio ileile. Tofauti ni kwamba hapa unaweza kuongeza Multi-Account Containers ya Mozilla, na ndicho kiendelezi cha pili kinachostahili nafasi. Kinakuwezesha kufungua Facebook kwenye chombo chake, benki kwenye chake, bila vidakuzi kuonana. Chrome kwa sasa siipendekezi kwa kazi hii: Google iliahidi mwaka 2020 kuondoa vidakuzi vya tovuti za pembeni, ikaahirisha na kuahirisha, na Julai 2024 ikaachana na mpango. Mfumo wake mpya wa viendelezi, Manifest V3, umeitoa uBlock Origin kamili. Kilichobaki ni uBlock Origin Lite, ambayo ni afadhali kuliko kukosa. Kama kazini wamekulazimisha Chrome, weka hiyo.

Firefox nayo ina la kujibu. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google kwa ajili ya nafasi ya injini ya utafutaji, na Februari 2025 iliondoa maneno ya ahadi kwamba haitauza kamwe data za watumiaji, kelele zikawa nyingi. Asiyependa hilo atumie LibreWolf, ambayo ni Firefox iliyoondolewa takwimu na kuwekewa uBlock tangu mwanzo. Ila LibreWolf huwasha kinga kali ya alama ya kidole, na hiyo ina tabia ya kuchanganya watu wa Afrika Mashariki: inaiambia kila tovuti kwamba uko kwenye saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kalenda ya wavuti itakuonyesha kikao cha saa nne asubuhi kuwa ni saa moja. Ukipata hitilafu hiyo, andika about:config mahali pa anwani, tafuta privacy.resistFingerprinting na uiweke false. Mtu aliyefuata maelekezo ya mtandaoni na kuiwasha mwenyewe kwenye Firefox ya kawaida atakutana na kioja hichohicho, pamoja na tovuti zinazogoma kukaa kwenye rangi za giza.

Kwa iPhone mambo ni mafupi. Huku kwetu Afrika Mashariki, kila kivinjari humo ni injini ya Safari iliyovalishwa jina jingine, na Firefox yake haipokei viendelezi. Baki na Safari, uongeze uBlock Origin Lite, inayopatikana App Store tangu 2025.

DNS, VPN na Tor

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva yake. Android 9 na kuendelea ina DNS ya faragha ndani ya mipangilio ya mtandao. Andika dns.quad9.net ikiwa unataka tovuti hasidi zizuiwe, au dns.adguard-dns.com ikiwa unataka matangazo yapungue hata ndani ya programu nyingine. Usiweke https mbele wala nafasi mwishoni. Simu itakataa kuhifadhi. Tatizo la kawaida: ukifika hotelini au uwanja wa ndege, ule ukurasa wa kuingia kwenye Wi-Fi hautokei na simu inasema haina intaneti. Rudisha kwenye otomatiki, ingia, kisha irudishe. Mitandao mingine hufunga mlango 853 ambao huduma hii hupitia, na huko haitakubali kamwe.

VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva zake, haikufichi, inabadilisha tu anayekuona. Kampuni ya simu inatoka, mwenye VPN anaingia. Ya bure ndiyo ya kuogopa zaidi: Onavo, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilikuwa VPN ya bure iliyowapa Facebook picha ya programu ambazo watu wanazitumia. Na kwa walioko Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kutaka watumiaji wa VPN waziandikishe. Pima hilo kabla hujaamua.

Tor Browser ni kwa anayehitaji tovuti isijue ametoka wapi: mwandishi wa habari, mfichua maovu, mtu anayemkimbia mwenza mkali. Ipakue torproject.org au Play Store. Usiiongezee kiendelezi hata kimoja, usivute dirisha kulibadili ukubwa, na usiingie humo kwa akaunti yako ya kawaida, la sivyo umejitambulisha mwenyewe. Itakuwa na mwendo wa kinyonga. Kampuni ya simu haioni unachosoma, lakini inaweza kuona kwamba unatumia Tor, isipokuwa uwashe madaraja (bridges, njia za kuficha kwamba unatumia Tor) yaliyo kwenye mipangilio yake.

Programu nyingine za simu

Kivinjari safi hakifuti dhambi ya tochi inayoomba kuona anwani zako. Ingia kwenye kidhibiti cha ruhusa cha Android upite kimoja kimoja: anwani, SMS, mahali, maikrofoni. Programu za mikopo ya haraka ndizo za kutazamwa kwanza, kwa kuwa wadaiwa wengi wamefedheheshwa kwa jamaa zao kwa namba zilizochotwa kwenye simu. Tangu 31 Mei 2023 Google inazikataza programu za mikopo za Play Store kuchukua anwani na picha, kwa hiyo anayekutumia faili la APK (programu ya kusakinisha bila kupitia Play Store) kwa WhatsApp anakwepa katazo hilo. Usilisakinishe.

Hapohapo kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, futa kitambulisho cha matangazo. Unapotaka kujua programu fulani imebeba wafuatiliaji wangapi, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Exodus Privacy, shirika la Ufaransa linalochambua programu za Android. Mbadala huria upo kwenye F-Droid, duka la programu huria za Android: Organic Maps kwa ramani zisizohitaji bando, Aegis kwa namba za uthibitisho, KeePassDX kwa manenosiri.

Na ukihamisha manenosiri kutoka Chrome kwenda KeePassDX au Bitwarden, programu nyingine ya kutunza manenosiri, Chrome itakupa faili la CSV. Faili hilo ni maandishi matupu, yeyote akilifungua anasoma kila kitu. Liingize kwenye programu mpya, jaribu akaunti mbili tatu kama zinafunguka, kisha lifute kwenye Downloads na kwenye pipa la taka, na uangalie kama halikupakiwa na nakala za Google Drive. Mwisho futa manenosiri yaliyobaki ndani ya Chrome yenyewe, maana kuyahamisha hakuyaondoi kule.